Vijiko Saba vya Sukari Iliyokufa

Jambo lote lilitugharimu shilingi elfu thelathini na mia tisa. Nimejumlisha mara mbili, mara ya kwanza nikianzia juu, mara ya pili nikianzia chini, na jibu ni lilelile. Elfu tano na mia sita zilinunua makopo manne ya unga. Elfu kumi na saba na mia tatu zilikwenda hospitalini. Elfu nane zililipa fidia ya fahali mmoja, na habari za fahali huyo nitazifikia. Kuna elfu mbili na mia tatu nyingine ambazo sikuziingiza kwenye jumla, kwa kuwa hizo hazikutoka. Ziliingia. Ziliingia kwenye mfuko wa shati langu.

Mimi ni dalali wa mifugo hapa Garissa. Kazi nilifundishwa na ndugu wa mama yangu. Kwa Kisomali mjomba ni abti, na mjomba naye humwita mpwa wake abti, kwa hiyo sisi wawili tumeitana jina moja kutwa nzima kwa miaka ishirini na hakuna aliyechanganyikiwa. Kwenye soko letu bei ya mnyama mkubwa haitangazwi. Dalali wa mwenye mnyama na mnunuzi hushikana mikono, shali hutupwa juu ya mikono, na maneno yote husemwa humo chini kwa vidole. Kidole kikishikwa chote kina thamani yake, viwili vina yake, kiungo kikiminywa katikati ni nusu. Watu kumi wanaweza kusimama kando yenu wakitazama na wasijue kama mko elfu arubaini au elfu sitini. Macho yanaangalia mbali. Mdomo unaulizia kama mvua imenyesha Eldas. Mkono ndio unaogombana.

Abti alikuwa na mkono bora kuliko yote niliyowahi kushika. Mtu akimdanganya alijua kwa jasho la kiganja. Vijana wenye simu za kioo walikuwa wakimwachia ng'ombe wao na kwenda zao kunywa soda.

Alipimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari miaka sita kabla ya haya ninayoyaandika. Akaambiwa mambo mawili: vidonge kila siku, na chai bila sukari. La kwanza alilikubali. La pili aliliona kama tusi. Chai yetu ni maziwa ya ngamia, iliki, tangawizi, na sukari mpaka midomo inanata kama gundi. Miaka sita abti aliinywa bila sukari, kwa uso wa mtu anayetia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.

"Hii si chai," alikuwa akiniambia. "Ni maji yaliyopita karibu na chai."

Vidonge nilimnunulia mimi, shilingi mia tisa kila mwezi, kutoka mkobani mwake. Abti hapendi maduka ya dawa. Anasema bei zake hazina mkono. Hiyo ndiyo kazi moja tu aliyowahi kuniomba nje ya soko.

Kiangazi cha mwaka jana, mtu mmoja kutoka Nairobi alipanga meza nje ya lango la soko la mifugo. Alivaa koti jeupe kama la daktari na ndala za bluu. Alisema anauza dawa za Kihindi za kale, Ayurveda, zilizotangulia hospitali zote duniani. Vingi mezani tulivijua. Uwatu tuliujua, mama zetu huunywa wakijifungua. Karela, lile tango chungu, tuliijua. Manjano, mdalasini, kokwa za zambarau zilizosagwa, hakuna aliyeshangaa. Lakini katikati ya meza aliweka kopo la unga wa kijani, na hilo ndilo alilolishika kwa mikono miwili.

"Hii inaitwa gurmar," akasema. "Gur ni sukari guru. Mar ni kuua. Inaua sukari, wazee wangu. Si maneno yangu, ni jina lake."

"Mimi nilikuwa na mbuzi nikamwita Simba," nikamwambia. "Aliliwa na fisi."

Watu wakacheka. Yeye hakukasirika, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu muuzaji asiyekasirika ana kitu mfukoni. Akachota robo kijiko, akaniambia niweke unga juu ya ulimi, niuzungushe, nihesabu mpaka sitini. Nikahesabu. Ulikuwa na uchungu wa majani yaliyolala kwenye vumbi. Akanipa maji nisukutue, kisha akanimiminia sukari kiganjani.

Nikalamba. Mchanga. Naapa, ilikuwa kama kulamba mchanga safi wa Mto Tana. Punje nazisikia, utamu haupo. Nikalamba mara ya pili, kama ilivyo desturi yangu. Mchanga.

"Sukari iko wapi?" akauliza kwa sauti ya kusikiwa na umati.

"Haipo."

"Imekufa?"

"Imekufa," nikasema, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya nusu ya soko.

Abti alikuwa nyuma yangu. Alinyoosha mkono, akawekewa unga, akahesabu, akasukutua, akalamba. Nilimwona usoni. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa miaka sita ya chai, yote kwa mpigo, na riba.

Muuzaji alitaka elfu mbili na mia tano kwa kopo. Makopo manne, alisema, na ugonjwa umekwisha. Unga kabla ya kila mlo na kila chai. Na vidonge vya hospitali viachwe, visije vikagombana na dawa.

"Elfu moja," nikasema.

"Mzee, nauli tu kutoka Nairobi..."

"Nauli ulishalipa. Hata usipouza hapa hutarudishiwa."

Nilimshusha mpaka elfu moja na mia nne. Kisha nikampigia abti hesabu kwa fimbo mchangani. Mia tisa mara miezi kumi na miwili ni elfu kumi na mia nane kwa mwaka, na vidonge havina mwisho. Makopo manne ni elfu tano na mia sita, na mwisho upo. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili nilitokea mjanja.

"Basi vidonge usininunulie tena, abti," akaniambia.

"Sinunui," nikasema.

Sasa nifike pale ninapopakwepa kila ninapoisimulia habari hii kwa mdomo. Siku ileile, kama nusu saa baada ya kulamba ule mchanga, nilikaa kwenye kibanda cha chai nikaagiza kikombe changu cha kawaida. Nikapiga funda. Tamu. Nikapiga la pili. Tamu vilevile, na utamu ukakaa kooni mahali pake pa siku zote. Sukari ilikuwa imefufuka.

Mimi nimekagua meno ya mbuzi tangu nikiwa na ndevu tatu. Ukinipa ng'ombe aliyenyweshwa maji ili aonekane mnene, namjua kwa mwendo. Nilielewa palepale kwamba ule unga haukuigusa sukari. Uligusa ulimi tu. Nikaacha chai nusu, nikarudi mezani.

"Ndugu yangu, ile sukari uliyoiua imerudi."

Mtu wa koti jeupe alitazama kushoto, akatazama kulia, akanivuta nyuma ya meza.

"Wewe ni dalali, sio?"

"Ndiyo."

"Dalali hafanyi kazi ya bure. Kila mtu wako akinunua kopo, mia moja yako. Cash."

Akanyoosha mkono. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisita. Nilimwuliza kama na makopo ya abti yanahesabiwa.

"Yanahesabiwa," akasema.

Tukashikana mikono. Hata shali hatukuhitaji.

Kibanda cha chai pale sokoni ni cha mama mmoja tunayemwita edo, yaani shangazi, ingawa si shangazi wa yeyote kati yetu. Ni mtu wa maneno. Ule unga hakuutaka tangu siku ya kwanza.

"Mimi nauza chai," alisema, "na yule anauza dawa ya kuniruhusu niuze chai. Tangu lini mtu mwenye koti jeupe akaniombea biashara?"

Lakini abti alikuwa amerudi kwenye chai yake. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akaweka unga ulimini, akahesabu kimya, akasukutua, akaitisha kikombe. Alianza na vijiko vitatu, kama alivyokuwa akinywa zamani. Chai ikawa haina ladha. Akatia cha nne. Wiki ya pili akawa anatia vitano.

"Abti," nikamwambia, "si imekufa? Mbona unaongeza?"

"Kama imekufa ina dhara gani?" akajibu. "Ninatafuta tu kama iko moja iliyo hai."

Watu kibandani walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Mimi pia nilicheka. Edo hakucheka. Alilivuta kopo la sukari upande wake.

"Vijiko vitatu vimo kwenye bei," akasema. "Kuanzia cha nne ni shilingi tano tano."

"Edo, unamdai mgonjwa?" akauliza mmoja.

"Namdai mtu mwenye vijiko vitano. Mgonjwa wangu alikuwa anakunywa bila sukari." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayehesabu kila kitu, hebu hesabu na hivi."

Nilihesabu. Mwezi wa pili ilikuwa vijiko saba. Nilidhani nimekosea, nikahesabu tena kikombe kilichofuata. Saba. Vikombe vitatu kwa siku. Ishirini na moja. Niliijua namba hiyo kama ninavyojua namba ya simu yangu, na niliijua pamoja na nyingine: siku hiyo nilikuwa nimeshapeleka watu kumi na mmoja kwenye ile meza. Kila niliyempeleka nilimwambia, "Mwangalie abti, huyo pale, anakunywa chai kama bwana harusi." Abti ndiye alikuwa tangazo langu. Ningemwambia aache, ningeondoa bango.

Alianza kukonda, nikasema joto. Akaanza kubeba chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikaisha kabla ya adhuhuri, akaijaza tena, nikasema joto hilohilo. Alikuwa akienda nyuma ya ukuta mara kwa mara, na vijana wakamtania kwamba amefungua kisima. Siku moja nilimwona ameketi anasugua vidole vya mkono wa kulia kwa mchanga, taratibu, kama anayesafisha sarafu.

"Vina nini?"

"Vimelala," akasema. "Vitaamka."

Siku ya fahali, mfugaji alikuwa amekuja na wanyama kutoka upande wa Griftu, safari ndefu, na fahali mmoja mwekundu alikuwa mzuri wa kutosha kumfanya mwenyewe apandishe mabega. Alimkabidhi abti. Mnunuzi akaja, mikono ikaingia chini ya shali. Nilisimama hatua mbili kutoka pale. Abti aliangalia mbali, kama anavyoangalia siku zote. Akauliza kuhusu mvua. Kisha akapiga kiganja juu ya kiganja, na kwetu mkono ukishapigwa, biashara imefungwa, hairudi.

"Elfu hamsini na mbili," akamwambia mfugaji.

Mnunuzi akageuka. "Mzee, arubaini na nne. Nne na nne. Nilikushika mara mbili."

Hakuna aliyewahi kusikia bei ya chini ya shali ikibishaniwa na abti. Yeye alimtazama yule mtu, akautazama mkono wake, akaupindua kuona upande wa pili, kama huenda namba imeandikwa huko. Alijua mnunuzi yule si mwongo. Angeweza kubisha, na kwa umri wake tungemwamini yeye. Aliingiza mkono wa kushoto kwenye mkoba akamhesabia mfugaji elfu nane zake mwenyewe.

"Abti," akaniita tulipobaki wawili. "Nishike vidole."

Nikamshika viwili.

"Umeshanishika?"

Nilikuwa nimemshika kwa nguvu zangu zote.

Siku tatu baadaye alianguka pale pale penye kiti cha plastiki, kabla ya kikombe cha kwanza. Alikuwa akizungumza maneno yasiyoungana, pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Edo ndiye aliyesimamisha tuktuk, ndiye aliyeniambia nishike miguu. Hospitalini walimchoma kidole, wakaweka tone kwenye kimashine. Nilisogea nione namba, kwa sababu namba ndizo ninazozielewa. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kupima. Nimefanya kazi ya kuhesabu maisha yangu yote, na siku ile nilikutana na kitu nilichokitengeneza mimi ambacho hakihesabiki.

Dripu ilipokwisha kumwingia, muuguzi alinitoa nje ya chumba. Alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya uchovu. Nilimweleza juu ya unga. Hakuucheka.

"Hilo jani nalijua," akasema. "Linafunga ulimi usisikie utamu kwa muda, nusu saa, wakati mwingine saa. Kuna wanaolichunguza kama lina msaada mwingine. Lakini halichukui nafasi ya vidonge, na damu haina ulimi. Nani alimwambia aache dawa?"

"Mtu wa sokoni," nikasema.

Akaandika hivyo kwenye faili. Na ni kweli, hakuna neno la uongo humo. Mimi ni mtu wa sokoni.

Aliniambia pia kwamba ganzi ya vidole haikuanza na ule unga. Miaka sita ya sukari ilikuwa imeshaanza kula mishipa. Hii miezi mitatu ilisukuma tu gari lililokuwa kwenye mteremko. Ningeweza kujificha nyuma ya maneno hayo, na kuna siku nimejaribu. Lakini nikiuza ng'ombe mgonjwa siwezi kujitetea kwa mnunuzi kwamba alianza kuugua kabla sijamuuza.

Abti alikaa hospitalini siku tisa. Siku ya nne akili ilimrudi sawasawa, akataka kuongea.

"Ni ulafi wangu, abti," akasema. "Ulinipigia hesabu nzuri, mimi nikaiharibu na vijiko. Wewe usijilaumu."

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Nilirekebisha mto wake.

Niliporudi sokoni meza haikuwepo. Mtu wa koti jeupe alikuwa amekwisha kuondoka, na mgawo wangu wa mwisho alinitumia kwa simu bila neno lolote. Nikajumlisha. Makopo ishirini na matatu, manne yakiwa ya abti. Elfu mbili na mia tatu. Kwa watu wengine kumi na tisa, walionunua kopo mojamoja, nimezunguka mmoja mmoja, nikawaambia waache huo unga kama waliacha vidonge kwa ajili yake, warudi hospitali wapimwe. Wengi walikuwa wameshachoka nao zamani. Mmoja, mtu wa kambi ya Ifo, alinishukuru kwa wema wangu. Kila mmoja nilimwambia nimesikia tu. Sikumwambia yeyote kuhusu ile mia yake.

Sasa abti yuko nyumbani. Anachomwa sindano, chai yake haina sukari, na haiiti tena maji. Kila siku baada ya swala ya alasiri naenda kukaa naye. Yeye ndiye aliyeanzisha hili: tunakaa kwenye mkeka, anatupa shali juu ya mikono yetu, mimi nabonyeza namba, yeye anakisia. Anataka kujua kama vidole vinaamka. Wiki nyingi alikuwa anakosea zote. "Saba?" anauliza, na mimi nimeshika viwili. Tunacheka. Mimi nacheka kwa sababu yeye anacheka.

Juma lililopita nilijiambia kwamba kama mdomo umeshindwa, mkono useme. Kwa kuwa nilijua hasikii, nilipata ujasiri. Chini ya shali nilimshika vidole viwili vyote, nikaviachia, nikashika vitatu nikaviminya nchani, kama tunavyominya mamia. Elfu mbili na mia tatu. Nilirudia, kama kawaida yangu.

Macho ya abti yalikuwa mbali, kule ukutani. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Mbili," akasema. "Mbili na tatu. Elfu mbili na mia tatu! Abti, nimeisikia!"

Alikuwa na machozi. Akamwita mke wake kutoka jikoni aje aone, akamwambia vidole vimerudi, alhamdulillahi, akaniomba nirudie. Nilirudia mara ya tatu, akaisoma tena bila kosa.

"Lakini ni mnyama gani huyo?" akaniuliza huku akicheka. "Siku hizi elfu mbili na mia tatu hazinunui hata mbuzi."

"Mbuzi mgonjwa," nikasema.

Aliuacha mkono wangu, akanitazama kwa ukali wa zamani, ule aliokuwa akinitazama nao nilipokuwa najifunza.

"Huyo usimuuze, abti. Utamdhulumu mtu."

Pesa ninazo. Zimefungwa kwenye leso, noti zilezile kadiri nilivyoweza kuzikusanya, na zangu za kujazia zilizopungua. Kwa kweli nimeweka elfu thelathini na mbili na mia tatu humo, na bado natafuta mia tisa za kumaliza hesabu yote, gharama zetu pamoja na ule mgawo. Kulipa nitalipa. Kile kisichonitoka ni maneno. Nikimpa leso kimya, atauliza za nini. Nikimwambia, nitakuwa nimemnyang'anya ile furaha ya namba ya kwanza aliyoisikia, kwa sababu ilikuwa namba hiyo. Nisipomwambia, kila alasiri nitashika mkono wa mtu anayeniamini, chini ya shali, nikimpa namba nyingine.

Wewe unayesoma hivi, labda una mjomba, labda umewahi kukaa mahali nilipokaa mimi. Nishauri. Nianze na leso au nianze na mdomo? Na kama ni mdomo, nianzie kwenye kijiko cha ngapi?